Lugha Mbili kwa Orodha Moja ya Mahujaji

Jumamosi iliyopita nilirudisha ufunguo wa ofisi, nikanywa soda ya kuagwa, na Bi Zuhura akatangaza mbele ya wote kwamba nimestaafu. Nina miaka kumi na tisa. Wastaafu ninaowajua wana mvi na saa ya ukutani waliyopewa na kampuni. Mimi nilipewa soda na kifuko cha kashata. Lakini miaka miwili kasoro ni kazi nzima kwa mtu aliyeanza hajui hata mashine inawashwa upande gani. Na nyinyi wawili, Kache na Amina, mliokuwa mkijaribu mashine wiki hii na mtakaokalia kiti changu kuanzia Jumatatu, mliniomba niwaeleze nilivyojifunza. Uso kwa uso ningeshindwa, mnanijua. Kwenye daftari naweza.

Mshahara mtaujua wenyewe mkipewa wenu, na cheo sikuwahi kuwa nacho, kwa hiyo hayo tuyaache.

Nilianza wiki mbili baada ya mtihani wa kidato cha nne. Baba alifahamiana na Bwana Mutua tangu walipokuwa wote reli, na Bwana Mutua alikuwa amestaafu, kustaafu kwa kweli, akafungua ofisi ya kompyuta ghorofani pale Ndia Kuu, juu ya duka la vinyago. Nilitoka kwetu Tononoka kwa miguu, nikafika mapema mno, nikazunguka mtaa mara tatu ili nisionekane nimefika mapema. Kwenye ngazi nikakuta viatu vimepangwa. Nikafikiri kuna matanga. Kumbe ndiyo sheria ya ofisi: viatu vinabaki ngazini, maana vumbi la Ndia Kuu likiingia kwenye mashine ni kilio.

Ndani wateja walikuwa benchini wanangoja, na mezani Bi Zuhura peke yake. Mnamwona leo amekaa na miwani yake kwenye kamba. Hivyo hivyo ndivyo alivyokuwa. Nikamwamkia kwa sauti ya panya.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. U hali gani?"

"Njema."

"Baba hajambo?"

"Hajambo."

"Na mama?"

"Hajambo."

"Na nduguzo?"

"Hawajambo."

"Mna kuku?"

"Tunao watatu."

"Nao hawajambo?"

Sikujua kama natakiwa kucheka. Nikasema hawajambo. Akatikisa kitwa, maana kwake yeye kichwa ni kitwa hadi leo, akasema, "Haya. Sasa ndoo uione nukta." Ndoo yake ni njoo.

Nukta ilikuwa nukta kweli. Kioo cheusi, na pale chini kitone kimoja kinachongoja. Hiyo ndiyo dBase, lugha ya kompyuta ambayo Bi Zuhura aliitumia tangu ofisi ilipofunguliwa. "Hii yakungoja weye," alisema. "Uiambie neno, itajibu. Uiambie upuuzi, itajibu vilevile, ila kwa Kizungu na kwa kukudharau." Akaandika USE na jina la faili, faili likafunguka. Akaandika APPEND, ikatokea fomu tupu ya kujaza jina. Akaandika SEEK na jina la mtu, mashine ikamtafuta na kumleta. Yote papo hapo, kama watu wawili wanaozungumza barazani.

Ofisi iliweka orodha za watu wengine: watoto wa madrasa, wagonjwa wa zahanati, wanachama wa chama cha maziko. Orodha kubwa kuliko zote ilikuwa ya mahujaji. Kila mwaka Maalim Twalib, aliyekuwa akiwasimamia wanaokwenda Hija kutoka kisiwani Mombasa na ng'ambo ya feri, alituletea fomu mafungu kwa mafungu. Sisi tuliandika jina, namba ya pasipoti na kijiji, tukachapa orodha, naye akaituma Nairobi kwa ajili ya viza. Mimi ni Mrabai wa kanisani, na kabla ya hapo sikujua Hija inahitaji karatasi nyingi namna ile. Nilidhani mtu anafunga safari tu na kwenda.

Miezi minne baadaye Bwana Mutua akapanda ngazi na kisanduku cha diski na kitabu kinene kama tofali. "Hii inaitwa Clipper," alisema. "Imejengwa juu ya dBase. Maneno ni yale yale, mafaili ni yale yale. Ila hii, ukimaliza kuandika programu, inakuwa kitu kizima kinachosimama peke yake. Maalim anaweza kupewa diski akaitumia kwake bila dBase." Kisha akamtazama Bi Zuhura.

"Usinitazame miye," Bi Zuhura alisema. "Miye nishaoa."

"Umeolewa, Bi Zuhura."

"Nimeoa nukta. Mpe kijana huyo."

Basi nikapewa kitabu, nami nashukuru hadi leo, maana sikuwahi kupewa kitu kinene hivyo nikaaminiwa nacho.

Nitawaambia ukweli kuhusu lugha iliyojengwa juu ya nyingine. Siku ya kwanza unajiona hodari. Nilichukua programu za zamani za Bi Zuhura, zile zilizoko kwenye faili la manila lenye madoa ya kahawa, nikazipitisha kwenye Clipper, na nyingi zikakubali. Nikadhani nimemaliza kujifunza. Siku ya pili unagundua kwamba nukta haipo. Huwezi kuuliza ukajibiwa. Lazima uandike maneno yako yote kwanza, tangu salamu hadi kwaheri, uyapeleke yakaguliwe, ungoje yashonwe kuwa programu, ndipo uiendeshe uone kama una akili. Mashine yetu ilichukua muda wa kumaliza kikombe cha kahawa. Ukikosea neno moja, kikombe kingine.

Bi Zuhura aliona ni adhabu. Mimi nilipenda. Katika maisha yangu yote nimetamani kuruhusiwa kumaliza kupanga ninachotaka kusema kabla mtu hajanitazama, na hii ndiyo lugha ya kwanza niliyoiona inayokuruhusu.

Programu yangu ya kwanza ilikuwa ya kuchapa majina. Nilisahau SKIP, neno linaloiambia mashine isogee kwenye jina linalofuata. Nikaiendesha, nikashuka kununua mahamri. Niliporudi, printa ilikuwa inapiga kelele kama cherehani na karatasi zimefika mlangoni, zote zina jina moja, lile la kwanza kwenye faili. Bi Zuhura alikuwa amekaa katikati yake, ametulia.

"Maalim Twalib mia mbili," alisema. "Na huyo mmoja tu yuatushinda."

Jambo lililonichukua muda zaidi ni fomu ya kuingizia majina. Ile APPEND ya dBase inayokuletea fomu iliyo tayari, Clipper haina. Unajichorea mwenyewe, mstari gani, safu gani, kila kisanduku. Nikamwambia Bi Zuhura, "Wewe endelea kuingiza majina kwa nukta. Mimi nitachapa na kutafuta kwa Clipper. Faili ni lile lile." Niliyasema hayo kwa mdomo wangu, na ilikuwa kweli. Faili la majina lilikuwa moja, ndani ya mashine ya dirishani tuliyoitumia sote wawili kwa zamu.

Kitu ambacho hakikuwa kimoja ni faharasa. Hii ni orodha ndogo ya pembeni inayoiambia mashine jina gani linafuata lipi kwa alfabeti. dBase ina faharasa ya aina yake na Clipper ina yake, na hazijuani. Mtu akiingiza jina kwa nukta, faharasa ya Clipper haina habari mpaka uijenge upya. Niliyasoma haya kwenye kile kitabu, nikayapigia mstari kwa penseli. Na nilichofanya na maarifa hayo ni kuyaficha. Kila asubuhi, kabla Bi Zuhura hajafika, nilijenga faharasa upya kimyakimya. Fomu yangu ya kuingizia majina ilipokamilika, niliiweka kwenye mashine na sikumwambia. Niliona haya. Mtu aliyenifundisha mahali pa kuwashia mashine, nimwambie njia yake imekuwa na madhara? Naye, kwa kuwa hakuambiwa, aliendelea na nukta yake kwa raha.

Tena kulikuwa na kitu nilichokuwa nimekielewa vibaya. Nilidhani jina lisilo kwenye faharasa litachapwa tu mwishoni, nje ya mpangilio. Sikuwahi kulijaribu.

Ijumaa moja, ya mwisho kabla orodha haijafungwa, nilijenga faharasa saa mbili asubuhi kama kawaida. Saa tatu Maalim Twalib akaleta fungu la mwisho la fomu, la wanawake wa ng'ambo ya feri. Bi Zuhura akalipokea, akaifungua nukta, akaingiza. Nilimwona. Nikajiambia atakwenda kunywa chai saa nne kama siku zote, nami nitajenga faharasa tena asipokuwepo. Siku hiyo hakwenda chai. Alikuwa amefunga sunna. Maalim akawa amesimama mlangoni bila viatu, anatazama saa, maana bahasha ilikuwa iondoke na mtu wa basi la saa nane mchana kwenda Nairobi.

"Vipi, Sidi, tayari?"

Nikachapa. Kurasa zikatoka safi, zimepangwa kwa alfabeti, nzuri kabisa, nami sikuukagua mwisho. Maalim akazitia kwenye bahasha, akaifunga, akashuka.

Saa sita na nusu ofisi ilikuwa na mimi na Bi Zuhura tu. Bwana Mutua alikuwa bandarini kwa mteja. Nikasikia mtu anahema ngazini. Akaingia mama mmoja mnene, amejifunga leso mbili, ameshika karatasi ndogo iliyokunjwa mara nyingi.

"Hodi wenyewe."

"Karibu, dada," Bi Zuhura akasema, na salamu zikaanza: za feri, za nyumbani, za mvua. Mimi nikangoja. Mwisho mama akasema anaitwa Mwanakombo, ametoka upande wa Kwale, kaka yake ameshaambiwa yumo kwenye orodha ya Hija tangu wiki iliyopita, na yeye naye amekuja kulisikia jina lake mwenyewe tu. "Nisomee tu, nirudi zangu. Nikilisikia kwa masikio yangu nitalala."

Nikafungua Clipper, nikaandika jina lake. Nilikuwa nimeipanga ijibu kwa Kiswahili, jambo nililojivunia. Ikajibu: HAYUPO.

Nikaandika tena. HAYUPO.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. "Imesemaje?"

Bi Zuhura ndiye aliyesema, "Ati hayupo? Nimemtia miye mwenyewe leo asubuhi, kwa mikono hii!"

"Basi mashine imenikataa," alisema Bi Mwanakombo. Akakaa chini sakafuni, pole pole, akaitandaza ile karatasi yake juu ya goti. "Miaka mitatu nauguza mume, sikwenda. Mwaka jana miguu ilivimba, sikwenda. Huu nikasema Mungu amenikubali. Kumbe bado kuna huyu." Na huyu alikuwa ni kioo changu.

Hapo ndipo nilipoelewa. Jina lisilo kwenye faharasa haliendi mwishoni. Halionekani kabisa. Kwa Clipper fungu zima la asubuhi halikuwepo, na karatasi nilizochapa zilikuwa chini ya kwapa la Maalim, ndani ya bahasha iliyofungwa.

"Bi Zuhura," nikasema, "kosa ni langu."

"Kosa gani?"

Nikamweleza. Nilimweleza vibaya, maneno yanagongana: faharasa mbili, kila asubuhi, penseli, chai. Alinitazama juu ya ile miwani.

"Tangu lini wajua haya?"

"Tangu miezi miwili iliyopita."

"Na hukuniambia kwa nini?"

"Niliona haya."

"Ukanionea haya miye, hawa mahujaji wangu hukuwaonea?" Akavuta kiti mbele ya mashine ya dirishani. "Fungu la asubuhi ni fomu ngapi?"

Tukazihesabu. Kumi na moja.

Mimi nilikuwa nimeanza kuwaza programu ya kuchapa majina kumi na moja tu: niiandike, ikaguliwe, ishonwe, kikombe kimoja cha kahawa nisipokosea, na kwa haraka ile ningekosea. Bi Zuhura aliifungua nukta. Akaiamuru iende kwenye jina la kwanza la fungu lile na kuchapa kuanzia hapo hadi mwisho wa faili. Mstari mmoja. Printa ikalia papo hapo. Nilijifunza siku ile kwamba lugha mpya ilikuwa imesimama juu ya mabega ya kitu ambacho bado kina nguvu, na mimi nilikuwa nakifanyia kiburi kwa jina la heshima.

"Hii nitaimaliza miye," alisema. "Weye mkimbilie Maalim."

"Yuko msikitini."

"Basi ni karibu." Akavua leso yake ya begani, akanifunika nayo kichwa, akaikaza kidevuni kama mtoto anayepelekwa madrasa. "Nenda."

Nilisimama ng'ambo ya njia, mbele ya msikiti, natazamana na viatu vya watu wasiopungua mia. Swala ya Ijumaa ilikuwa inamalizika. Nilijua kiatu cha Maalim, makubadhi yenye kisigino kimoja kilicholiwa, nikayakazia macho hayo tu. Wanaume wakaanza kutoka kwa wingi, wanasalimiana, wanashikana mikono. Nilimwona Maalim akitoka, bahasha kwapani, anazungumza na watu watatu. Nikangoja amalize mazungumzo. Akavaa makubadhi. Akaanza kutembea upande wa pili.

Nikamfikiria yule mama pale sakafuni.

"Maalim Twalib!"

Nilipiga kelele kiasi kwamba njia nzima ilinyamaza. Mzee mmoja alisema, "Lahaula." Maalim akageuka, akanitafuta, akaniona chini ya leso.

"Sidi? Kuna nini, binti yangu? Ofisi inaungua?"

"Bahasha usiitume. Ina upungufu. Kosa ni langu." Niliyasema yote mbele ya watu.

"Upungufu wa nini?"

"Majina. Kumi na moja."

Akasema, "Kumi na moja! Mwanangu, hiyo ni timu nzima. Umeniachia golikipa japo?" Wale watatu wakacheka, mimi nikaanza kulia, naye akaacha mzaha mara moja. Tukapanda Ndia Kuu pamoja, yeye kwa makubadhi yake, mimi peku, maana viatu vyangu nilikuwa nimevisahau ngazini.

Tulipofika, karatasi ilikuwa tayari, bado ina vile vipande vya matundu pembeni ambavyo huchanwa. Bi Zuhura alikuwa ameweka rula na anamsomea Bi Mwanakombo jina lake, namba ya pasipoti na kijiji, kwa mara ya tatu kwa maombi maalumu ya mwenyewe. Maalim akafungua bahasha, akaitia karatasi ile nyuma ya nyingine, akaandika kwa mkono juu yake "Ukurasa wa nyongeza", akaweka sahihi. Basi la saa nane liliipata.

Bwana Mutua aliporudi nilimweleza kabla hajavua viatu. Alisikiliza, akasema, "Jumatatu utaniandikia programu inayohesabu. Majina yaliyo ndani ya faili na majina yanayokwenda kuchapwa. Yasipolingana, isichape." Ndiyo ile mnayoiona inawakatalia leo na kuwaudhi. Msiiondoe. Na Jumatatu hiyo hiyo Bi Zuhura alikaa kwenye kiti cha mwanafunzi, akanitaka nimfundishe fomu yangu ya Clipper kisanduku kwa kisanduku. Nilipomwambia amekosea safu, nilinong'ona. "Sema kwa nguvu," alisema, "mato yashazeeka, masikio nayo yafuata." Sasa anaiendesha kunishinda. Nukta bado anaifungua mara moja kwa wiki, anasema anakwenda kuijulia hali.

Mengine mtayajifunza wenyewe. Nimalizie na siku niliyoipenda kuliko zote.

Mahujaji waliporudi mwaka ule, asubuhi moja nilisikia ngazi zinalia kwa uzito. Hakuwa mtu mmoja. Wakaingia wanawake, mmoja baada ya mwingine, wanavua viatu, wanatoa salamu, mpaka ofisi ikajaa na mimi nikabanwa ukutani na printa. Mbele yao Bi Mwanakombo, amekonda kidogo, ameshika kifuko cha tende.

"Ndiye huyu," aliwaambia wenzake. "Huyu ndiye aliyetutoa."

Nilitamani sakafu ipasuke. Bi Zuhura akakaa sawa kwenye kiti, tayari kunitetea.

"Tulikuwa na karatasi yetu peke yetu," Bi Mwanakombo akaendelea. "Basi kila mahali wakatuweka kwa karatasi. Viza yetu pamoja, basi letu moja, kule Mina hema letu moja. Mimi hawa nilikuwa siwajui, kila mmoja na kijiji chake. Kule watu ni wengi, mwanangu, wengi usivyoweza kufikiri, na watu wazima wanapotea. Wa kwetu hakupotea hata mmoja."

"Mlishikana mikono?" aliuliza Bi Zuhura.

"Tulihesabiana. Kila tukisimama, tunahesabu. Isipotimia kumi na moja, hatuinui mguu. Hao wengine walituuliza, nyinyi mbona mnajihesabu hivyo kama kuku? Nikawaambia, sisi tulishaachwa mara moja, kwenye mashine, Mombasa. Ya pili hatutaki."

Kisha akageuka, akanyoosha kidole, na pale pale mbele yetu, kwa mazoea tu, akaanza kuwahesabu.